Intaneti Moja, Frem Sita: Jinsi ya Kutenganisha Mitandao Bila Kugombana na Jirani

Wafanyabiashara wa mtandaoni, hii ni kwa mnaoshea intaneti moja kwenye jengo la frem. Kama unatumia bando la simu yako peke yako, soma pia. Biashara ikikua utafika huku.

Kwenye majengo mengi ya biashara, na hapa Turiani ndo hivyo hivyo, mwenye jengo au mpangaji mmoja anavuta intaneti, wengine wanachangia kila mwezi. Neno la siri ni moja kwa wote. Muuzaji wa mchele yumo, fundi cherehani yumo, wakala wa pesa yumo, na kijana aliyekuja kusubiri boda naye kapewa. Gharama inapungua, hilo ni jambo zuri. Shida ni kwamba wote mko chumba kimoja.

Aliye chumba kimoja na wewe anaweza kuiona printa yako, kamera yako ya dukani na kompyuta uliyoruhusu ishee mafaili. Kamera nyingi bado zina neno la siri lililotoka nalo kiwandani, na mwenye duka hajawahi kulibadilisha. Na kwenye ile kompyuta kuna nini? Majina ya wateja, namba zao za simu, wanakoishi, walichonunua na wanachodaiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Kwa hiyo lile faili la oda ni dhamana ya watu mikononi mwako.

Njia ya kutenganisha ipo, na haihitaji kila frem ivute laini yake. Inaitwa VLAN. Leo tunaielezea mpaka ile hatua ambayo mafundi wengi huipitia juu juu: lebo juu ya lebo. Lengo si kukufanya fundi. Lengo ni ukimwita fundi ujue unalipia nini, na akimaliza ujue kama amemaliza kweli.

1. VLAN NI NINI

VLAN ni kuugawa mtandao mmoja wa waya uwe mitandao kadhaa. Waya ni ule ule, rauta ni ile ile, ila kila kipande cha data kinabandikwa lebo yenye namba. Namba 10 inaonana na namba 10 tu, namba 20 na namba 20 tu.

Utaratibu huu unaitwa 802.1Q, ulitolewa na taasisi ya IEEE mwaka 1998. Lebo yenyewe ni ndogo, baiti 4 tu. Sehemu ya namba ina biti 12, ambazo zinatoa namba 4096. Ya kwanza na ya mwisho zimehifadhiwa, kwa hiyo unazoweza kutumia ni kuanzia 1 hadi 4094. Kwa duka lako hizo hutazimaliza.

Sasa, ndani ya rauta kuna kitu kinaitwa bridge, yaani daraja. Daraja linaziunganisha poti za rauta zifanye kazi kama swichi moja. Linaangalia mzigo umetoka poti gani, una lebo gani, unakwenda kwa kifaa gani, linaupitisha. Halifungui mzigo kuona ndani kuna nini.

Poti zenyewe zina tabia mbili:

• Poti ya kifaa cha kawaida. Printa na kompyuta yako hazijui habari za lebo. Data ikiingia kutoka kwenye printa, poti inaibandika lebo. Ikitoka kwenda kwa printa, poti inaibandua. Namba ya kubandika utaikuta kwenye mipangilio imeandikwa PVID.

• Poti ya kubeba VLAN nyingi. Hii inaunganisha rauta na swichi, au swichi na swichi. Humo data inapita na lebo zake, kila moja na namba yake.

Ukielewa tabia hizo mbili, umeelewa sehemu kubwa ya kazi.

2. KWANZA JIULIZE: UNAHITAJI LEBO MOJA AU MBILI?

Hapa watu wengi wanapoteza hela. Angalia uko kundi gani.

Kundi la kwanza: una frem moja na rauta yako mwenyewe. Unachotaka ni wateja wapate Wi-Fi bila kuona vitu vyako. Hapo huenda huhitaji kuseti VLAN kabisa. Rauta nyingi za siku hizi, hata za laini ya simu, zina sehemu ya mtandao wa wageni. Iwashe, ipe jina lake na neno lake la siri, zuia wageni wasifikie vifaa vya ndani. Umemaliza.

Kundi la pili: jengo la frem kadhaa, kila mpangaji anataka intaneti tu. Lebo moja kwa kila frem inatosha. Frem ya mchele namba 101, ya vitenge 102, ya vipodozi 103. Kila mtu na chumba chake.

Kundi la tatu: mpangaji ana sehemu mbili zinazopitia mtandao wa mtu mwingine. Mfano, una frem mbele na stoo nyuma ya jengo hilo hilo, na waya unaoziunganisha ni wa mwenye jengo. Kule stoo unataka kamera, printa ya kubandulia stika za mizigo na kompyuta ya oda, zote zionane na za dukani. Na tayari dukani umejigawia VLAN zako: 10 ya kazi, 20 ya wageni, 30 ya kamera.

Tatizo la kundi la tatu ni hili: jirani wa vitenge naye ana stoo nyuma, na fundi wake naye alichagua 10, 20 na 30, maana mafundi wanapenda namba hizo. Zote zikipita kwenye waya wa jengo, 10 yako na 10 yake zinakuwa chumba kimoja. Kamera zako anaziona yeye. Ulilipa fundi akutenganishe, kumbe amekuunganisha na jirani.

Hapo ndipo lebo mbili zinapohitajika.

3. LEBO JUU YA LEBO: SALFETI LA MZIGO

Wauzaji wa Turiani hili mnalifanya kila wiki, hamjui tu jina lake la kitaalamu.

Una oda 5 za mchele na iliki za Dar. Kila kifurushi umekiandika kwa makapeni: huyu wa Mbagala, huyu wa Tegeta, huyu wa Kinondoni. Hupeleki vifurushi 5 kwa konda. Unavitia vyote kwenye salfeti moja, unafunga, unaandika nje jina moja na namba moja ya wakala wako wa stendi ya Mbezi. Gari linapita Dumila, linapita Morogoro, linafika Mbezi. Njia nzima konda anasoma maandishi ya nje tu. Hajui ndani kuna Tegeta wala Mbagala, na haimhusu. Wakala wako akipokea anafungua salfeti, ndipo maandishi ya ndani yanapofanya kazi.

Kwenye buti hilo hilo kuna salfeti la muuzaji mwingine, naye ndani ana kifurushi cha Tegeta. Havichanganyiki, kwa sababu maandishi ya nje ni tofauti.

Lebo mbili ni hivyo hivyo. Lebo ya ndani ni ya mpangaji: 10, 20, 30, apange anavyotaka. Lebo ya nje ni ya jengo: 101 kwa frem ya mchele, 102 kwa frem ya vitenge. Daraja la jengo ndo konda wetu, linasoma ya nje tu. Data ikifika upande wa pili, lebo ya nje inabanduliwa, mpangaji anakuta 10, 20 na 30 zake kama alivyozituma.

Utaratibu huu una namba yake pia, 802.1ad, nao ni wa IEEE, mwaka 2005. Mafundi wanauita kyuinkyu. Makampuni ya mawasiliano yanautumia kubeba mitandao ya wateja wengi juu ya miundombinu yao mmoja. Kwa lebo moja namba ni 4094, lakini kwa lebo mbili kila namba ya nje inabeba 4094 za ndani. Hiyo ni zaidi ya milioni 16.

Ili vifaa vijue lebo ipi ni ipi, kila aina ina alama yake mwanzoni. Lebo ya kawaida ina alama 0x8100. Lebo ya nje ya 802.1ad ina alama 0x88a8. Zikumbuke, maana zinakuja kwenye mipangilio.

4. INAVYOSETIWA

Tuchukue rauta za MikroTik, kampuni ya Latvia, maana mafundi wengi wanazijua na zina uwezo huu. Vifaa vingine vinatumia maneno tofauti, ila mantiki ni hii hii.

Mfano wetu: rauta ya jengo. Poti 1 inaingiza intaneti. Poti 2 inakwenda frem ya mchele, poti 3 stoo ya mchele. Poti 4 frem ya vitenge, poti 5 stoo ya vitenge.

Hatua ya 1. Hifadhi nakala ya mipangilio iliyopo, kisha washa Safe Mode. Ukijifungia nje kwa bahati mbaya, rauta itarudisha mabadiliko yenyewe mawasiliano yakikatika.

Hatua ya 2. Tengeneza bridge moja, kwenye ether-type chagua 0x88a8. Maana yake unaliambia daraja: soma lebo za nje tu. Lebo ya kawaida ya mpangaji italionekania kama mzigo usio na lebo, kwa hiyo litabandika ya kwake juu.

Hatua ya 3. Ingiza poti 2, 3, 4 na 5 kwenye bridge hiyo. Poti 2 na 3 zipe PVID 101. Poti 4 na 5 zipe PVID 102. Poti 1 ya intaneti iache nje ya bridge.

Hatua ya 4. Kwenye jedwali la VLAN la bridge, andika: 101, isiyo na lebo kwenye poti 2 na 3. Kisha 102, isiyo na lebo kwenye poti 4 na 5. Zote mbili, bridge yenyewe iwe upande wa wenye lebo, ili rauta nayo iweze kuongea na wapangaji. Kama kuna swichi ya pili jengo la nyuma, poti inayokwenda huko nayo iwe upande wa wenye lebo kwa 101 na 102.

Hatua ya 5. Intaneti ya wapangaji. Mkubaliane namba moja ya ndani ya kupokelea intaneti, tuseme 99. Juu ya bridge tengeneza VLAN 101 na uweke alama kwenye use-service-tag. Juu ya hiyo 101 tengeneza VLAN 99 ya kawaida. Hapo kwenye 99 ndo unaweka anwani ya IP na kugawa intaneti. Rudia kwa 102. Kwa frem ya mchele, rauta yake itapokea intaneti kwa namba 99, na 10, 20, 30 zitapita mpaka stoo bila rauta ya jengo kuzigusa.

Hatua ya 6. Acha njia yako ya kuingilia kwenye rauta, poti moja au anwani ambayo haitegemei mabadiliko haya. Kagua jedwali tena. Mwisho kabisa, narudia, MWISHO KABISA, ndo uwashe vlan-filtering. Ukiiwasha kabla jedwali halijakamilika, daraja litaanza kuzuia kila kisichoandikwa, na wewe mwenyewe ukiwemo.

Upande wa mpangaji, rauta yake inatuma 10, 20, 30 na 99 zikiwa na lebo za kawaida. Kule stoo anaweka swichi inayojua VLAN, poti ya kamera 30, poti ya kompyuta na printa 10. Ile swichi ya bei rahisi isiyo na mipangilio yoyote haiwezi kumgawia hizo namba.

5. MITEGO MINNE

Mtego wa kwanza: meseji zinakwenda, picha hazifiki. Kipande cha kawaida cha data kinabeba baiti 1500, na pamoja na maandishi yake ya njiani kinafika 1518. Lebo moja inakifanya 1522, lebo mbili 1526. Kama kuna kifaa njiani hakipokei zaidi ya 1518 au 1522, vipande vikubwa vinatupwa na vidogo vinapita. Ni kama salfeti limezidi mlango wa buti. Unaona maandishi yanakwenda, ila picha ya bidhaa inazunguka tu na video haipandi. Mtu anailaumu kampuni ya intaneti, kumbe ni swichi ya kati. Fundi akague kila kifaa njiani kinabeba ukubwa gani, sehemu inaitwa L2MTU.

Mtego wa pili: umetenganisha, rauta ikaunganisha. VLAN 10 na 20 hazionani kwenye daraja, sawa. Lakini zote mbili zikiwa na anwani za IP kwenye rauta moja, rauta kwa kawaida yake inapitisha data kutoka moja kwenda nyingine, maana hiyo ndo kazi yake. Lazima ziwekwe kanuni za kuzuia, mafundi wanaziita faiawoli: wageni waende intaneti tu, wasifike 10 wala 30. Na jengo nalo lizuie 101 isifike 102. Fundi akikuambia VLAN zinatosha bila kanuni hizi, kazi haijaisha.

Mtego wa tatu: kasi inashuka. Vifaa vingine vya bei ndogo ukiwasha haya mambo, kazi inahama kutoka chipu ya swichi kwenda kwenye prosesa. Frem sita zikipandisha video kwa pamoja, rauta inachoka. Kabla ya kununua, uliza kama modeli hiyo inafanya VLAN za bridge na lebo za 0x88a8 kwenye chipu.

Mtego wa nne: lebo si kufuli. VLAN inatenganisha, haifichi. Anayeshika rauta ya jengo, akiamua, anaweza kuangalia yanayopita. Meseji za WhatsApp zinasimbwa kutoka simu hadi simu, na tovuti zenye https nazo zinasimbwa njiani. Lakini folda unayoshea wazi kati ya duka na stoo haina ulinzi huo. Weka neno la siri kwenye folda, badilisha la kamera, na jua ni nani ana ufunguo wa rauta ya jengo.

6. JARIBU KABLA HUJALIPA

Fundi akisema tayari, fanyeni haya pamoja:

✅ Unganisha simu kwenye Wi-Fi ya wageni, kisha jaribu kufungua anwani ya kamera au printa. Ikifunguka, bado.

✅ Ukiwa kwenye mtandao wa kazi dukani, chapisha kwenye printa ya stoo. Lazima itoke.

✅ Muombe jirani mwenye namba 102 ajaribu kuifikia printa yako, na wewe ya kwake. Zisionane.

✅ Tuma picha kubwa na video kutoka stoo. Kisha tuma faili zito kutoka dukani kwenda kompyuta ya stoo. Vyote vifike.

✅ Zima rauta ya jengo, washa tena. Umeme wetu mnaujua. Kila kitu kirudi chenyewe bila kumpigia fundi.

✅ Dai karatasi: poti ipi ni ya nani, namba za nje, namba za ndani, nakala ya mipangilio. Fundi akihama mji, wa pili ataanzia hapo.

7. KABLA YA KUCHANGISHANA

Makubaliano ya wapangaji yaandikeni: nani analipia, nani anashika rauta, nani anaruhusiwa kuigusa, namba ipi ni ya frem ipi. Namba za nje anapanga mmoja tu. Za ndani kila mtu na zake.

Jambo la kisheria nalo lipo. Kutoa huduma ya intaneti kwa umma kibiashara kunahitaji leseni ya TCRA. Kama mwenye jengo anataka kuuza vocha za Wi-Fi kwa wapita njia, asianze kabla ya kuuliza TCRA. Na laini mliyonayo ina mkataba, usomeni kuona kama kampuni inaruhusu kushea.

Ukiwa kundi la kwanza, ukitoka hapa washa mtandao wa wageni leo leo, ni dakika chache. Ukiwa kundi la pili, itisheni kikao cha frem mpange namba. Ukiwa la tatu, muulize fundi wako swali moja tu: namba zangu za ndani zikifanana na za jirani, nini kinazuia zisichanganyike? Akikujibu habari ya lebo ya nje, mpe kazi. Akikuambia tutabadilisha tu namba, muulize jirani wa saba akija na fundi wake itakuwaje.

Mtumie mwenye jengo lako na wapangaji wenzako. Hii kazi haifanywi na mtu mmoja.